Chai ya Mdalasini ya Mama

Nilirudi Bagamoyo kutoka Maskati na stashahada ya ufundi wa majokofu, nikajenga nyumba bila msaada wa mtu. Kilichonishinda ni midomo yangu. Ilikauka, ikapasuka, ikawa inauma hata nikicheka. Nililaumu upepo wa bahari, nikapaka mafuta ya bei ghali.

“Midomo yako imezoea viyoyozi, bwana mkubwa,” mama alinitania, huku akinimiminia chai yake ya mdalasini, ile niliyoitamani miaka yote ya ugenini.

Kisha nikaenda Msata kufunga majokofu ya duka moja. Kule nilikunywa chai ya rangi tupu, na midomo ikapona. Niliporudi kwenye chai ya mama, midomo ikapasuka tena. Fundi wa kiwango changu hahitaji kuambiwa zaidi.

Nilipomweleza mama, aliacha kabisa kuweka mdalasini.

“Lakini wewe jipikie yako, mama.”

“Ya nini? Ulipoondoka niliiacha. Uliporudi ndipo nikaianza tena.”

Hitilafu nyingi nimezigundua maishani. Hii ndiyo pekee ninayojuta kuigundua.