Beringi za Pikapu Iliyokufa

Fundi wangu wa Uthiru alinionya nisiweke habu za pikapu kuukuu kwenye gari langu dogo. Habu ndizo hushika magurudumu, na hizo zilikuwa nene, za kudumu. Nikamwambia ashike spana aache maneno.

Mwaka haukuisha, beringi, zile gololi za chuma ndani ya habu, zikaanza kulia, nikashuka mjini kutafuta nyingine. Barabara ya Kirinyaga, kila duka la vipuri waliniuliza ni gari gani. Nikaeleza mpaka mate yakakauka, na jibu likawa moja: pikapu hizo ziliisha kitambo.

Duka la tano sikueleza kitu. Niliweka beringi mbovu kwenye kaunta, nikanuna. Mama muuzaji akaifuta grisi, akaigeuza, akainama na kutoa boksi kwenye rafu ya chini.

"Hizi hununuliwa na watu wa mikokoteni," alisema. "Pikapu zilikatwa kuwa vyuma chakavu, magurudumu yote na habu zake yakaenda kwao."

Watu hao hao ninaowapigia honi kila asubuhi pale Kinoo.

"Na mkokoteni wako hubeba nini, bosi?"

Nikafunika kwa kiganja funguo za gari nilizokuwa nimeziweka kaunta.

"Viazi," nikasema.