Jina Chini ya Wino

Norberto Casalegno alikuwa mtu wa roho mbaya, na wote waliouza santuri kuukuu siku za Jumapili katika bustani ya Rivadavia, hapa Buenos Aires, walilijua hilo kabla hawajalijua jina lake. Tusimpambe. Juu ya meza yake alipanga kazi za bendi moja tu, wale Waingereza wanne ambao dunia nzima iliwahi kuwalilia. Mteja akiuomba wimbo kwa jina lake la Kiingereza, hata akilitamka kwa kubabaika, Norberto alimhudumia. Akiuomba kwa jina la Kihispania, lile lililochapwa kwenye santuri za hapa Argentina miaka ile ya sitini, alimtazama kuanzia viatu hadi nywele.

"Santuri hiyo haipo," alimwambia. "Haijawahi kuwepo."

Kisha akampa mgongo.

Ni kweli kwamba majina yale yalitungwa ovyo. Kampuni iliyochapa santuri ilikuwa na karani wake wa kubatiza nyimbo, na karani huyo mara nyingi hakungoja hata kuusikia wimbo wenyewe. Akiona jina la Kiingereza halitauzika, alibuni la kwake. Wimbo wa kumlilia marehemu ukapewa jina la kuchezea harusini. Hakuna aliyeumia. Watu walinunua, wakacheza, wakaoana, na majina yale yakawa yao.

Norberto hakuyavumilia. Tangu ujana wake alikuwa akichukua kalamu ya wino mzito na kuyafuta kwenye lebo, kisha anaandika pembeni jina la Kiingereza kwa herufi ndogo za kujidai. Kila santuri iliyopita mikononi mwake ilitoka na bandeji nyeusi.

Wenzake walimwita Mwingereza. Baada ya vita vya visiwa, Argentina ilipopigana na Uingereza, jina hilo halikuwa utani tena, nao wakaendelea kumwita hivyo hivyo, kwa makusudi. Aliyelitamka kwa raha kuliko wote alikuwa Dardo Iraola, mnene wa meza ya mkabala, ambaye alikusanya zile zile santuri za Kihispania na kuzitunza kwenye mifuko ya nailoni. Walikuwa wametukanana miaka na miaka. Norberto alimwita mzoa taka mbele ya wateja, na Dardo alimuuliza kwa sauti kama Malkia ameshamtumia pensheni.

Nyumbani, mtaa wa Boedo, Norberto aliishi na mama yake, Ofelia. Huyu naye hakuwa na sukari mdomoni. Mumewe alimwacha na mtoto mdogo, naye akashona mashati ya watu mpaka vidole vikakakamaa, na hakumwomba mtu yeyote chochote. Kwa hiyo kipindi kile cha baridi, daktari alipomwambia Norberto kwamba moyo wa mama umechoka na siku zake zinahesabika, kisha mama akaomba kitu, Norberto alishtuka zaidi kwa lile ombi kuliko kwa maneno ya daktari.

Ilikuwa Jumamosi, baada ya chakula. Ofelia alikuwa ameegemea mito, supu ameisukuma kando.

"Beto, niwekee 'Usinifungie Dirisha'."

"Ndio wimbo gani huo, mama?"

"Wa hao watu wako. Nilikuwa nao. Niliununua mwenyewe."

"Kwa Kiingereza unaitwaje?"

Mama alifumba macho. "Mimi nilijua Kiingereza lini?"

Norberto alimwomba amwimbie hata kipande kidogo. Mama akasema pumzi haitoshi. Alimwomba maneno, akajibiwa kwamba maneno hakuyaelewa hata siku ile aliyoununua. Norberto akaenda kwenye rafu zake na kuanza kutoa santuri moja moja, na kila aliyoitoa ilikuwa na bandeji yake nyeusi. Alijaribu kuukwangua wino kwa kucha, ukabanduka pamoja na herufi. Huyu ndiye mtu aliyeweza kukwambia ni gitaa lipi lililopigwa katika wimbo upi, na sasa alikuwa amekaa sakafuni bila kujua mama yake anataka nini. Jina lile halikufanana na jina lolote la Kiingereza alilolijua, kwa sababu karani alilitoa kichwani mwake.

Hapo ndipo kumbukumbu ilipomjia, nayo haikuwa nzuri. Jikoni, mama anapiga pasi, santuri ndogo inazunguka, majirani wamekuja kunywa kahawa. Mama anawatajia jina la wimbo kwa majivuno kidogo. Na yeye, kijana wa miaka kumi na sita, anamwambia mbele yao kwamba asitaje mambo asiyoyajua, hauitwi hivyo. Kesho yake akaipaka wino santuri ile. Mama hakuipiga tena. Lakini wimbo wenyewe ulikuwa upi, hilo Norberto hakulikumbuka. Alikuwa amewasahihisha watu wengi mno.

Jumapili hakupanga meza. Alikwenda moja kwa moja kwa Dardo, akasimama mikono mfukoni, akaanza kuzunguka mbuyu: kuna wimbo fulani, kampuni iliupa jina fulani, labda yeye Dardo anaweza kujua.

"Sikusikii, Mwingereza," Dardo alisema. "Unataka wimbo gani?"

Wauzaji wa meza za jirani walikuwa wameshageuza vichwa. Norberto alitamani kuipindua meza ile na santuri zake zote. Badala yake alilitamka jina, chinichini.

"Paza sauti," Dardo alisema.

"'Usinifungie Dirisha'."

Dardo alimtazama kuanzia viatu hadi nywele, bila haraka. "Santuri hiyo haipo," alisema. "Haijawahi kuwepo."

Walicheka wote, hata muuza magazeti, na hakikuwa kicheko cha kumwonea mtu huruma. Norberto aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Lakini hakuondoka.

"Mama yangu anakufa, Dardo. Ndiye anayeutaka."

Kicheko kilikatika. Dardo hakulainika hata chembe. Alikunja uso zaidi, kama kwamba ameonewa yeye. Aliinama chini ya meza, akapekua, akatoa santuri ndogo ndani ya nailoni. Lebo yake ilikuwa imepakwa wino mweusi.

"Huu hapa. Uliniachia wewe mwenyewe tulipobadilishana, mwaka wako wa kwanza hapa, na ulicheka kwamba umenipunja. Wino ni wako." Aliilaza kwenye jua, na chini ya weusi herufi za Kihispania zikang'aa, zikasomeka. "Kampelekee. Na usinishukuru, nitatapika."

Pembeni, kwa herufi ndogo za kujidai, Norberto aliona mwandiko wake wa ujana: jina la Kiingereza, lililohusu treni ya Alhamisi. Wimbo huo aliuuza kila Jumapili. Ulikuwamo kwenye santuri kubwa nyumbani kwake, tena si moja, na angeweza kumwekea mama bila kuvaa hata koti.

Alirudi, akaiweka santuri ndogo kwenye mashine kando ya kitanda. Ofelia alisikiliza mpaka mwisho. Midomo yake ilicheza na kila sauti, hakuna mahali ilipopotea, na Norberto aliyaona hayo yote.

"Uliuomba kwa nani?"

"Kwa Dardo."

"Ulisemaje?"

"Nilisema nataka 'Usinifungie Dirisha'."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu wote, mama. Walinicheka."

Ofelia alivuta pumzi.

"Mimi ulinisema mbele ya majirani, Porota na dada yake. Nilikuwa na pasi mkononi, nikatamani nikubandike nayo usoni." Alikohoa, akaukataa mkono wa mwanawe uliotaka kumwinua. "Naukumbuka wote, Beto. Ningeweza kukuimbia jana ile ile. Nilitaka uuombe kwa jina ninalolijua mimi, kabla sijafa."

Norberto aliitazama santuri, ambayo ilikuwa bado inazunguka.

"Sasa itoe," mama alisema, akageukia ukutani. "Inakwaruza."