Moshi wa Mzee Gaspard na Ndege za Lietena

Kiangazi cha mwaka 1956, jeshi la Wabelgiji lilileta ndege mbili za vita kwenye kiwanja kidogo cha udongo katika bonde la Ruzizi, si mbali na Mutarule. Ndege hizo zilikaa tayari mchana kutwa. King'ora kikilia, moja ilitakiwa iwe hewani ndani ya dakika nne: rubani akimbie, fundi awashe injini, na Libérat Manirakiza avute kabari za mbao zilizozuia magurudumu.

Usimcheke kwa ajili ya kabari. Zisipotoka, ndege haiendi popote, hata rubani awe na nyota ngapi mabegani. Libérat alizivuta akiwa amejikunja chini ya bawa, vumbi limejaa machoni, kisha akachomoka mbio. Hakuna aliyemfikia kwa wepesi, naye alijua. Hata misa ya Jumapili alikwenda na kofia yake ya kazini, akaivua mlangoni pa kanisa tu, tena kwa shingo upande.

Aliyekataa kuvutiwa ni baba yake, mzee Gaspard, mfugaji.

"Minye nilikulea mu ngombe," alimwambia. "Leo weye iko nakimbilia chuma ya bazungu."

Na shida ya kiwanja ilikuwa ng'ombe hao hao. Kila king'ora kilipolia, ng'ombe wa Gaspard na wa majirani waliingia kwenye njia ya kurukia, piste kama walivyoiita, wakasimama hapo, wametulia kabisa. Mara mbili rubani alizima injini akabaki anatukana. Mkuu wa kiwanja, lietena mmoja wa Kibelgiji mwenye hasira za karibu, aliweka walinzi wenye fimbo. Ng'ombe walitawanyika, wakarudi. Halafu ikaja habari kwamba Alhamisi kolonili, mkubwa wa lietena, atafika kujionea mwenyewe.

"Ngombe moja tu mu piste siku ile," lietena alimwambia Libérat, "na zote nazifukuza mpaka ku milima."

Libérat hakula siku hiyo. Ng'ombe wa baba yake walizaliwa bondeni, kwenye joto. Baridi ya Bijombo, kule milimani, ingewamaliza, ndama kwanza.

Kesho yake king'ora cha majaribio kilipolia, aliamua kuwatazama ng'ombe badala ya ndege. Akaona mlinzi anachoma majani mabichi ndani ya pipa, mwisho wa kiwanja, ili moshi umwonyeshe rubani upepo unakotoka. Akaona ng'ombe wanainua vichwa na kuanza kutembea. Libérat alijipiga paji la uso. Mwana wa mfugaji mzima, na alikuwa haoni! Nyumbani kila jioni Gaspard alichoma samadi na majani mabichi kufukuza nzi, na ng'ombe walikuja wenyewe kujisitiri kwenye moshi. Wazungu walikuwa wanawaita ng'ombe, kisha wanawachapa kwa kuitika.

Alimweleza lietena. Lietena alicheka mpaka akavua miwani. "Ngombe inajua moshi? Enda ku kazi yako."

Basi alikwenda kwa baba yake.

"Baba, washa moto kule ku mutoni. King'ora ikilia, tia samadi na majani mabichi."

"Minye nitumikie bazungu?"

"Hapana, baba. Utumikie ngombe yako."

Mzee akakohoa. Hivyo ndivyo alivyokohoa siku zote akishindwa.

Alhamisi, saa nne asubuhi, king'ora kililia. Libérat alifika kwenye magurudumu kabla ya rubani, akashika kamba za kabari. Kwenye pipa moshi ulikuwa umeanza kupanda, na Gaju, ng'ombe mwekundu aliyeongoza kundi, alikuwa ameshakanyaga ukingo wa piste. Akasimama. Upepo ulikuwa unatoka mtoni, umebeba harufu ya samadi ya nyumbani. Gaju akageuka taratibu, bila haraka yoyote ya kijeshi, na wengine wakamfuata. Injini ikanguruma, Libérat akavuta, na ndege ikapita juu ya mto baada ya dakika tatu na nusu.

Kolonili alimpa lietena mkono kwa nidhamu ya kiwanja chake. Lietena alizipokea sifa zote, wala hakurudisha hata moja. Ila jioni alimwita Libérat pembeni, akaamuru, bila kumtazama usoni, kwamba moto wa mtoni uwepo kila siku.

Libérat hakujali. Alikuwa na furaha isiyohitaji cheti. Alishuka mtoni akamkuta mzee amezungukwa na wafugaji wenzake, uso mweusi kwa masizi, anasimulia kwa sauti kubwa.

"Ile ndege muliona, minye na mwana wangu tuliirusha!"

Kisha akamwona Libérat, akamnyooshea mkono.

"Leta ile kofia. Kesho na minye niko ku kazi."