Vyombo Vilivyorudi Vitupu

Siku ya kwanza niliyoingia kwenye kamati ya shule nilifika kabla ya wote, nikakaa peke yangu saa nzima na zaidi. Barua ilisema kikao ni saa nne kamili, na mimi, fundi cherehani niliyezoea kufokewa na wateja kwa kuchelewesha nguo, niliamini kwamba saa nne ni saa nne. Wenzangu walianza kuingia saa tano na ushei, mmoja mmoja, kila mtu na salamu zake ndefu kama aliyekuja kuposa. Tulikalia madawati ya darasa la kwanza, magoti juu. Mwenyekiti wetu, mzee aliyestaafu kazi ya kivuko cha Pangani, akahesabu vichwa kisha akasema, "Akidi imetimia, yakhe, tuanze." Akidi ni idadi ya wajumbe inayotakiwa ili kikao kiwe halali. Siku ile sikulijua neno hilo, wala sikuuliza.

Nyinyi mnaoingia sasa mmeelimika kuliko sisi, lakini nitaeleza, maana hakuna aliyetueleza sisi. Kamati haina mshahara. Wazazi wanakuchagua kwenye mkutano mkuu kwa kunyoosha mikono, unatumikia miaka mitatu, na malipo yako ni soda, tena siku ikiwapo. Mimi nilichaguliwa kwa sababu alitakiwa mwanamke, na nilikuwa nimekaa mbele. Mwalimu mkuu ndiye katibu wa kamati. Yeye huandika muhtasari, yaani maandishi ya yale yaliyosemwa kikaoni. Kikao kinachofuata, muhtasari husomwa na kuthibitishwa, mwenyekiti akatia sahihi, na kuanzia hapo yaliyoandikwa ndiyo yaliyotokea. Mkisikia "yatokanayo", ni mambo ya kikao kilichopita ambayo bado yanadai majibu. Haya yote niliyajua kwa kuungua, si kwa kufundishwa.

Miaka yangu ya mwanzo ilikwenda kwenye vyoo, mabati na watoro. Shule yetu iko ng'ambo ya mto, upande wa kwenda Ushongo, na mwalimu akipangiwa kwetu huuliza kwanza kama kivuko kinafanya kazi. Wengi walikaa mwaka, wakapata sababu ya kuondoka. Mwalimu wa hisabati alipohamishwa, darasa la saba lilikaa muhula mzima likinakili maswali ya kitabu bila mtu wa kuyasahihisha, na mtihani wa kumaliza shule ulikuwa mwaka uleule. Binti yangu wa mwisho alikuwa humo darasani, kwa hiyo msidhani nilikuwa nahangaika kwa ajili ya taifa.

Ndipo akaletwa Mwalimu Neema wa hisabati, binti wa Bara, kazi yake ya kwanza. Alivuka mto na godoro, sanduku na ndoo. Mwenyekiti akanigeukia kikaoni akasema, "Bi Mwanaidi, huyu mgeni ni wako. Akituondokea huyu, watoto wale wamekwisha."

Nikaona kazi rahisi. Nikapanga zamu, kila siku nyumba moja impelekee mwalimu chakula mpaka azoee soko na jiko la hapa. Zamu ya kwanza nilichukua mimi. Nilipika wali wa nazi na samaki wa kupaka, nikafunika kwa kawa langu zuri la ukili. Kesho yake Mwalimu Neema alivirudisha vyombo mwenyewe, akapiga goti, akashukuru sana. Vilikuwa vinang'aa. Vilikuwa vitupu.

Sasa, aliyezaliwa kwetu hahitaji kuambiwa. Chombo cha jirani hakirudi kitupu. Unatia ndimu mbili, au bamia, au kiganja cha sukari kama huna kingine. Si thamani inayotazamwa, ni kusema kwamba mlango bado u wazi. Nikajiambia amesahau. Siku ya pili ikawa kwa Bi Zuhura, jirani yangu, naye akanijia jioni na sahani mkononi.

"Mwenzangu, hata ndimu?" akasema. "Na mndimu umesimama mlangoni kwake, umezaa mpaka zinaoza!"

Ikawa hivyo wiki mbili, nyumba baada ya nyumba. Hakuna aliyemwambia neno. Sisi watu wa pwani hatugombani, tunapunguza salamu. Zamu ikafa yenyewe, na wanawake waliokuwa wakimwita ndani wakawa wanamwitikia wakiwa mbali. Nami nilinuna kama wenzangu, tena mimi niliyekabidhiwa mgeni. Kikao kilipokaa, Mwenyekiti akauliza, "Mwalimu yu hali gani?" Nikajibu, "Yu salama, hana neno." Katibu akaandika.

Siku chache kabla ya kikao kilichofuata, mwalimu mkuu alikuja nyumbani kwangu. Alikuwa mtu wa Muheza, mpole, asiyefika kwa mtu bila jambo. Alikataa kiti.

"Bi Mwanaidi, Mwalimu Neema ameandika barua ya kuomba uhamisho. Iko mezani kwangu, inangoja sahihi yangu ipelekwe mbele. Nimemwomba anivumilie mpaka Ijumaa."

"Ametoa sababu gani?"

"Kwenye barua ni sababu za kifamilia. Kwa mdomo amesema hapa hatakiwi."

Nilikwenda jioni ileile. Nilimkuta amekaa kibarazani anasahihisha madaftari ya darasa la saba. Akainuka. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia unatukimbia."

Akasema bila hasira, "Mama, mlinilisha wiki mbili, mkaacha ghafla. Nikitaka kuuliza, hakuna anayesimama. Nikafikiri labda ni kwa sababu naenda kanisani."

Maneno yale yaliniuma. Yeye alikuwa akibeba jambo kubwa namna ile, na sisi tulikuwa tumenunia ndimu.

"Siyo dini, mwanangu. Ni vyombo. Ulivirudisha vitupu."

"Vitupu?" Akaniangalia kama mtu aliyeambiwa jambo la wazimu. "Nilivisugua kwa majivu na mchanga, mama! Bibi yangu alinilea nikijua kwamba chombo cha mtu unakirudisha safi, na kitupu. Ukitia kitu, umemlipa. Umemwambia hutaki deni la wema wake. Mimi ningethubutu kuwalipa nyinyi?"

Nilicheka, naye akacheka, kisha nikaona aibu mpaka nikatazama chini. Kila mmoja alikuwa akimheshimu mwenzake kwa nguvu zake zote. Nikamwomba radhi, nikadhani yamekwisha. Lakini Neema akakusanya madaftari yake akasema, "Nimekuelewa, mama, na nimesamehe. Ila nimechoka. Barua ile sikuiandika kwa hasira, niliikalia siku nyingi."

Alhamisi tukakaa kikao. Ajenda ya pili ilikuwa kuthibitisha muhtasari. Katibu akausoma, akafika kwenye mstari wangu: mjumbe amearifu kwamba mwalimu mgeni yu salama. Nikasimama, nikasema mstari ule si kweli.

Mwenyekiti akavua miwani. "Bi Mwanaidi, hapa tunasahihisha majina yaliyokosewa. Hatufumui kikao kizima."

"Mwenyekiti, mimi ni fundi. Mshono ukienda kombo haupigwi pasi. Unafumuliwa."

Nikawaeleza yote: zamu, sahani, ndimu, salamu tulizozipunguza, na mimi niliyeyajua hayo na kusema hana neno. Mwenyekiti akauliza polepole, "Hata nyumbani kwangu wamenuna?"

"Mkeo alikuwa zamu ya nne."

Wajumbe wakacheka, yeye hakucheka. Akamwambia katibu aandike kama nilivyosema, bila kupamba. Katibu akaandika kwamba mjumbe alitoa taarifa ya uongo, na kwamba kijiji kilimhukumu mwalimu kwa desturi ambayo hakuna aliyemfundisha. Jina langu likawekwa. Mwenyekiti akatia sahihi kwa mkono mzito, na kalamu ilipotoka kwenye karatasi nilijiona mdogo kuliko nilivyowahi kujiona.

Mwalimu mkuu akampelekea Neema daftari la muhtasari alisome. Ni jambo lisilofanyika, kwani si kila mtu husomeshwa daftari lile. Hatukumwomba kitu. Naye Bi Zuhura, niliyemweleza habari yote uani kwake, alikwenda peke yake na sahani ya mikate ya kumimina, akasimama mlangoni pale akasema kwa sauti iliyofika njiani, "Mwalimu, sahani yangu irudi na ndimu! Na kama ndimu zimekwisha, njoo uombe kwangu!"

Ijumaa Neema akamwambia mwalimu mkuu barua isitiwe sahihi kwanza, ingoje mtihani upite. Akafundisha asubuhi, akafundisha baada ya saa za kazi. Binti yangu, aliyekuwa akilia akiona hesabu za sehemu, akaanza kunifundisha mimi hesabu za vitambaa. Wengi walifaulu, naye akiwamo.

Mtihani ulipopita, mwalimu mkuu na mimi tulimwita ofisini. Barua ilikuwa juu ya meza. Mwalimu mkuu akamuuliza, kwa woga wa mtu anayejua haki iko wapi, kama sasa aitie sahihi au aichane. Neema akaisoma tena yote, akaikunja.

"Msiichane," akasema. "Iwekeni kwenye jalada la kamati. Siku mtakapoanza tena kunipunguzia salamu, msiniulize neno. Itieni sahihi."

Nilitumikia vipindi vingine baada ya hapo, viwili vya mwisho nikiwa mwenyekiti. Tulijenga madarasa, tuligombana na wazazi wa watoro, tuliandika mihtasari ambayo hakuna atakayeisoma. Nimeng'atuka sasa, macho hayaoni tundu la sindano. Mkiniuliza nini kilikuwa kigumu, sitasema mabati. Kilikuwa kigumu kukaa katikati ya majirani zangu na kusema tumekosea, nikianza na mimi.

Mwezi uliopita nilikabidhi ofisi kwa mwenyekiti mpya, kijana anayeendesha bodaboda na kusoma haraka. Tukapitia majalada moja moja. Akaikuta barua ile, imegeuka rangi, akaisoma mpaka chini.

"Bi, hii ni ya zamani sana. Tuichane?"

Nikamwambia aiache mahali pake. Mwenyewe aliyeiandika yuko darasa la saba, anafundisha sehemu, na sauti yake ilikuwa ikisikika palepale tulipokaa.