Jina la Nuccio Shimoni

Ghisola, mjane wa Nuccio, aliuza mafuta ya zeituni katika mji wetu wa vilimani upande wa Lucca, na hakuna aliyewahi kumshinda kwa maneno. Ukikunja uso mbele ya mtungi wake, alikuuliza kama uso huo ulizaliwa nao. Kwa hiyo ile siku alipokosa la kusema, tena mbele ya kanisa, mji mzima uliikumbuka.

Ilikuwa Oktoba, zeituni bado hazijachumwa. Mwimbaji mmoja aitwaye Ciardo aliingia mjini na shairi la Jehanamu kichwani. Miaka hiyo shairi lilikuwa limeshawatoka wasomi na kuangukia kwa waimbaji wa sokoni, na sote tuliamini kwamba aliyelitunga alishuka kuzimu kwa miguu yake mwenyewe, akawaona waliomo mmoja mmoja. Ukitajwa ndani yake, basi umo.

Ciardo alikuwa na ujanja wake. Kila mji alioingia, kabla hajaimba chochote, aliketi kwenye kilabu cha mvinyo akauliza, "Hapa nani kafa vibaya?" Watu walimweleza kwa furaha, kwani nani hapendi kumsengenya asiyeweza kujibu? Kesho yake marehemu huyo alikuwa ndani ya shairi, kapewa shimo lake na pepo wake, na kapu la Ciardo limejaa jibini na soseji.

Jumapili hiyo, kwenye ngazi za kanisa, alipofika kwenye shimo la wadanganyifu alishusha sauti.

"Na huyu anayechemka mtungini ni nani? Akitoa kichwa apumue, pepo anamzamisha kwa upawa. Ni Nuccio, enyi watu! Nuccio wa mafuta machafu!"

Watu walicheka, kisha wakamgeukia Ghisola. Alifungua mdomo. Hakikutoka kitu.

Kisa chenyewe kila mtu alikijua, au alidhani anakijua. Majira ya baridi yaliyopita, mitungi yenye muhuri wa Nuccio ilikutwa imechanganywa na mafuta ya makapi, yale yanayofaa taa tu, na nusu ya mji iliumwa tumbo. Nuccio alipoulizwa na hakimu alisema, "Ni mimi." Akafungwa mnyororo uwanjani, mtungi shingoni, mvua ya Januari ikimnyeshea. Alitoka hapo na kikohozi, na kikohozi kikamwua kabla padri hajafika.

Aliyechanganya alikuwa Ghisola. Mavuno yalikuwa mabaya, naye hakutaka kusikia kwamba mitungi ya wengine imejaa na yake iko nusu. Nuccio hakujua lolote mpaka askari walipomwekea mtungi mbele yake. Alichovya kidole, akaonja, akamtazama mkewe. Kisha ndipo akajibu. Ulikuwa uongo wa pekee aliowahi kumsikia mumewe akisema, na Ghisola, mwenye maneno yote yale, alikaa kimya akamwacha auseme.

Sasa Siku ya Marehemu Wote ilikuwa inakaribia, siku ambayo ndugu wa chama cha waumini kiitwacho Msalaba husoma majina ya wafu wa mji, na mji mzima huwaombea. Ghisola alimwendea Padri Bonaiuto.

"Padri, jina la mume wangu limo?"

Padri alijifanya anakwangua nta kwenye kinara. "Lilikuwemo, mama. Ndugu wa chama wanataka litolewe. Wanasema aliye toharani huombewa akatoka. Aliye motoni unamwombea nini?"

"Na wewe unamwamini yule mlevi?"

"Mimi simwamini. Lakini wao wanamwamini, na nikilisoma kwa nguvu hawataitikia. Utapenda kusikia jina la mumeo likitajwa na kanisa zima limefumba mdomo?"

Ghisola alitoka na hasira, ila kila alipotafuta wa kumtupia hasira hiyo, ilimrudia mwenyewe. Siku zile hakuweza kupimia mteja mafuta bila kumwona yule pepo, maana alipimia kwa upawa. Alimwonea Nuccio huruma. Mtu kafungwa kwa ajili yake, kafa kwa ajili yake, na sasa anachomwa kwa ajili yake, na hata kuombewa ananyimwa.

Adhuhuri moja alimkuta Ciardo kilabuni, mdomo umejaa maharage.

"Mtoe mume wangu."

"Karibu, mama. Kaa kwanza."

"Sikuja kukaa. Mtoe."

"Nikimtoa, shimo linabaki tupu, na watu wameshalipenda. Nipe wa kumweka badala yake." Ciardo alifuta mdomo kwa kipande cha mkate. "Usione haya. Kule nilikotoka, bibi mmoja alinipa mama mkwe wake, na mama mkwe mwenyewe yu mzima, yuko jikoni anamenya vitunguu."

Jina lilimjia Ghisola papo hapo. Baldese, muuza mafuta wa lango la chini, alikufa kiangazi hicho bila mke wala mtoto, na katika uhai wake aliwahi kumwita Ghisola mwizi mbele za watu. Nani angemlilia? Jina lilifika kwenye ncha ya ulimi. Hapo akamwona tena Nuccio na kile kidole chake kinachomeremeta mafuta, akaogopa. Alikuwa anataka kufanya jambo lilelile: kosa lake, mzigo wa mwingine.

"Mweke Ghisola."

"Ghisola yupi?"

"Huyu unayemtazama, bwege wewe."

Ciardo aliacha kutafuna. Ghisola akamweleza yote, naye akamsikiliza mpaka mwisho, na kwa mara ya kwanza hakuonekana mtu wa kuchekesha. Alikuwa amezoea watu wamletee majina ya wenzao.

"Mama, nikishaliimba hapa nitaliimba hadi Pistoia. Halirudi tena."

"Nani kakuambia lirudi?"

"Basi Jumapili baki nyumbani."

"Nitakaa mbele."

Na kweli alikaa mbele, pamoja na Lippa, shoga yake tangu usichana. Ciardo alifika kwenye shimo, akamtoa Nuccio mtungini, akasema alimbebea mwingine dhambi yake, kisha akamtaja huyo mwingine. Lippa aliruka.

"Mkanushe, shoga! Mtukane! Wewe hushindwi!"

"Ni kweli, Lippa. Wewe mwenyewe uliumwa tumbo."

Lippa alijifunga mtandio wake, akasogea kando. Wengine wakasogea pia, hadi Ghisola akawa amesimama peke yake.

Hakimu hakumwita, kwa sababu mtu alikuwa ameshaadhibiwa kwa kosa lile. Ghisola alitamani angeitwa. Badala yake mitungi yake ilijaa mafuta safi kabisa, na hapakuwa na mnunuzi. Waliokuwa wakipita mlangoni kwake walivuka upande wa pili wa njia.

Siku ya Marehemu Wote alisimama nyuma, karibu na mlango. Majina yalisomwa, watu wakiitikia. Likafika la Nuccio, na kanisa zima likaitikia, kwa sauti kubwa kuliko yote yaliyotangulia, kama watu wanaolipia walichomtendea. Ghisola alilia bila kujificha.

Nje, Lippa alimngoja chini ya ngazi.

"Haya, umefurahi? Na wewe ukifa, mji huu nani atakuombea?"

"Nuccio."

"Nuccio yuko wapi, maskini!"

"Popote alipo. Huku duniani alinisemea uongo ukamwua. Huko uongo hausemeki, Lippa. Akitaka kunisemea kwa Mungu, itabidi kwanza aseme nilichomfanyia." Alijifuta uso kwa kiganja. "Hicho ndicho ninachokiogopa kuliko mtungi wa Ciardo."

Walishuka mteremko, mmoja mbele, mwingine hatua chache nyuma, hadi njia ilipogawanyika.