Mahindi Yasiyofika Kinuni

Kama unaishi Kibomet na hujawahi kutuma mtu amwite Kadija, shukuru Mungu wako, maana yeye huitwa na waliofiwa. Ndiye anayeosha maiti wa kike wa msikiti wa mtaani kwetu. Mimi ni wa kanisa, lakini ua wetu ni mmoja na kamba ya nguo ni moja, kwa hivyo mambo yake nayajua. Anakuja na ndoo, majani ya mkunazi na kafuri, anafunga mlango wa chumba cha nyuma ya madrasa, na akitoka hasemi neno. Ukimuuliza, "Mama Khairu, huyo aliumia wapi?" atakuangalia kama umemwomba nguo ya ndani. Maiti hana mikono ya kujifunika. Anafunikwa na mdomo wa aliyemuosha.

Hiyo kazi hailishi mtu. Chakula kilitoka kwa mahamri. Kibanda chake kilikuwa cha kwanza kwenye Kona ya Kinu, juu ya ukingo wa udongo, pale barabara inapojikunja ghafla. Changu cha sukuma na viazi vya waru kilifuata, halafu vingine saba, mabati kwa mabati. Nyumba zetu ziko upande huu wa barabara. Upande wa pili Ngari ana kinu cha kusaga mahindi. Anayetaka ugali anavuka.

Na walikuwa wanagongwa. Si wote wa msikiti, sisi wa kanisa pia tumezika. Lakini kwa miaka miwili Kadija aliosha wanawake wanne wa kona ile, na wa nne alikuwa Khairunisa, binti yake wa pekee. Watu walimsihi akae kando, aitwe mama mwingine kutoka Bungoma.

"Siku aliyozaliwa nani alimuosha?" akauliza. Akachukua ndoo yake, akafunga mlango.

Khairunisa aliacha msichana wa miaka tisa, Sumeya. Kilichommaliza Kadija si kifo peke yake. Ni maneno. Kwenye karatasi ya ajali iliandikwa kwamba marehemu alivuka bila kuangalia. Mtaani wakaongeza chumvi: ati alikuwa anazungumza kwa simu. Simu gani? Khairunisa hakuwa na simu. Kadija alikuwa akikanda unga huku anajisemesha, "Nilimfundisha kuangalia. Kulia, kushoto, kulia. Nilimfundisha." Kila siku hivyo, mpaka nikawa nafungua redio ili nisimsikie.

Sasa mwezi wa kumi na moja, mwaka wa elfu mbili na sita, ikaja pikapu. Akashuka mwanamke mrefu, gambuti miguuni, koti linalong'aa, kamba ya kupimia mkononi na mkebe wa rangi nyekundu. Miaka hiyo ukiona mtu wa barabara na rangi nyekundu, hujiulizi mara mbili. Ni X. Anakuchorea X kwenye mbao, na baada ya mwezi tingatinga linakuja kukuonyesha maana yake.

Akatusalimia vizuri. "Mimi ni Injinia Chelimo. Barabara hii itajengwa upya. Nataka kujua, hapa kumewahi kutokea ajali?"

Nilijibu kabla ya wengine, mdomo wangu ndivyo ulivyo. "Ajali? Hapa hata kuku hajagongwa, madam. Barabara ni salama kama godoro."

Wenzangu wakaitikia kama kwaya. Salama, salama. Mzee wa viatu akaapa kwa jina la mama yake. Kwenye nyasi bado kulikuwa na vioo vya taa ya lori lililomgonga Khairunisa. Nilisogea nikasimama juu yavyo, nikashusha sketi yangu vizuri, nikatabasamu. Injinia akaandika, akapima, akanyunyiza vidoti vya rangi kwenye lami, akaenda.

Kadija alikuwa Suam kwa dada yake. Aliporudi jioni nilimsimulia nikicheka, nikitarajia shukrani. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ulisimama juu ya vioo vya mtoto wangu," akasema.

"Mama Khairu, nilikuwa nalinda kibanda chako pia!"

"Nilikutuma?"

Kesho yake asubuhi Ngari alikuja na karatasi aliyoachiwa na injinia. Akatusomea. Yule mama hakuwa mtu wa kubomoa. Hakuwa wa kampuni itakayojenga wala wa ofisi iliyochora. Aliletwa kutoka nje ya hao wote aikague ile ramani kabla ya ujenzi, aone ni wapi barabara mpya itaumiza watu, kwa maana mwanafunzi hawezi kujisahihishia mtihani. Mwenye neno alipeleke ofisi ya mradi, Bungoma, kabla ya Ijumaa jioni. Baada ya hapo ripoti inafungwa na ramani inapigwa muhuri.

Nyuma ya karatasi kulikuwa na picha ya kona yetu. Ngari akaweka kidole chake chenye unga. "Pundamilia, alama ya kuvukia, wameiweka hapa hapa wanapofia watu. Na huu ukingo wenu utaongezwa udongo, uwe juu zaidi kwa mita moja."

Ilikuwa Alhamisi.

Kadija alienda kwa Ustadh Muhdhar, imamu wao, na mimi nikafuata nyuma kama mbwa aliyeiba nyama. Ustadh alikuwa akifagia madrasa.

"Ustadh, nikisema nilichokiona kwa hawa wanne, pengine watu watapona. Nisipokisema, nitaosha wa tano."

Akaegemea ufagio. "Uliyoyaona mwilini ni amana, Mama. Ulizika mwili, ukazika na hayo."

"Na yaliyokuwa ndani ya leso?"

Ustadh akaufagia mkeka mzima. Kisha akasema, "Leso si mwili."

Usiku ule Kadija aliteremsha mkebe wa mafuta ya kupikia kutoka juu ya kabati, akanionyesha. Ndani mlikuwa na mahindi, yaliyotoka kwenye leso za marehemu. Kwa desturi yao, kinachopatikana kwa maiti kinarudishwa nyumbani kwake. Aliyarudisha, lakini familia zikakataa. Nani atakula mahindi hayo? Kuyatupa ni dhambi, kuwapa kuku hakuthubutu. Basi ya kila mmoja aliyafunga kwenye kitambaa chake na kuyaweka humo. Vitambaa vinne. Cha mwisho kilikuwa kipande cha leso ya Khairunisa, na hicho hakukigusa, alikisukuma tu kwa kidole.

"Kesho tunaenda Bungoma," akasema. "Wewe ndiye ulifunga kwa ulimi wako. Wewe ndiye utafungua."

Saa nne asubuhi tulikuwa getini. Bawabu aliitwa Wepukhulu, mtu wa heshima lakini mgumu kama geti lenyewe.

"Injinia yuko kwa mkutano, kina mama. Rudini Jumatatu."

"Jumatatu muhuri utakuwa umeshapigwa," nikasema.

"Sasa mimi ndiye mwenye muhuri?" Akachungulia mkebe. "Hii ni nini? Mmereta mahindi ofisi? Si hapa si soko, bana."

Vijana waliokuwa wakiingia wakacheka. Kadija akakaa chini, kwenye changarawe, mkebe mapajani. Saa tano. Saa sita. Adhuhuri ilipofika alitandika leso yake kwenye nyasi akaswali, akarudi kwenye changarawe. Saa nane nikamwambia, "Mama Khairu, tumejaribu, Mungu ameona." Saa tisa mvua ikaanza, ya matone makubwa. Akavua ushungi wa juu akafunika mkebe, kichwa chake kikabaki na kile kitambaa chepesi tu. Wepukhulu akashindwa kuvumilia. Akatoka na mwavuli, akasimama juu yetu akilowa yeye.

"Mama, kwani ndani kuna nini?"

"Mtoto wangu," Kadija akasema.

Wepukhulu akaacha mwavuli hapo hapo, akakimbia ndani.

Injinia Chelimo alitoka na faili kwapani. Alinitambua mara moja. "Wewe. Hata kuku."

"Nilidanganya, madam."

"Kwa nini?"

"Niliona rangi nyekundu."

Akafumba macho. "Rangi ilikuwa ya kuweka alama za kupimia. Jamani." Akatuingiza, akatukalisha mezani, tukichuruzika maji kwenye sakafu yake. "Nina saa moja. Nani amekufa, na vipi?"

Nikamwambia wote ninaowajua, wa kanisa na wa msikiti, na vioo nilivyovikanyaga. Akaandika. Halafu akamgeukia Kadija. "Mama, nasikia wewe ndiye uliwaosha. Waligongwa upande gani wa mwili?"

"Hilo siwezi kusema."

"Lingenisaidia sana."

"Najua. Siwezi." Akafungua vitambaa kimoja kimoja juu ya meza. "Hiki kilikuwa ndani ya leso ya wa kwanza. Hiki cha wa pili. Wa tatu. Na huyu ni wangu. Angalia, mama injinia. Mahindi. Mahindi. Mahindi. Mahindi. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na unga."

Injinia alitazama. Nikaona kalamu yake imesimama hewani.

"Walikuwa wanakwenda," akasema polepole. "Wote wanne walikuwa wanakwenda kinuni. Hakuna aliyegongwa akirudi."

"Hakuna," nikasema. "Hata wa kanisa. Wote kwenda." Na nilishangaa, maana nilikuwa nimelijua jambo hilo miaka yote bila kulijua.

Akatandaza ramani, akaweka rula kwenye ile pundamilia, akavuta mstari kwa penseli. "Mtu anayerudi kutoka kinuni yuko upande wa nje wa kona. Anaona mbali. Anayekwenda anaanzia ndani ya kona, na gari la kushoto limefichwa. Atakachokiona ni hiki hapa." Penseli ilipita juu ya ukingo wa udongo, halafu juu ya visanduku tisa vidogo. "Anaangalia, anaona hakuna kitu, anavuka nusu, na gari linatokea. Vitabu vya polisi nilivyopewa havitaji kona hii, vinasema tu kwamba hawakuangalia. Waliangalia. Hapakuwa na cha kuona."

Kadija akamshika mkono wa koti. "Rudia."

"Waliangalia, mama."

"Khairunisa hakuwa mzembe?"

"Hapana."

Siku ya mazishi Kadija hakulia. Pale alilia, paji la uso juu ya ramani ya watu, na injinia hakuiondoa ingawa ilikuwa inalowa.

Alipotulia, Chelimo akasema, na sauti yake haikuwa na furaha, "Lazima niwaambie yote. Mimi nashauri tu. Wenye ramani ndio hukubali au kukataa, ila wakikataa lazima waandike sababu na kutia sahihi. Nitaandika ukingo ukatwe na alama ya kuvukia isogezwe kule panapoonekana. Lakini cha kwanza kuondoka ni hivi visanduku. Hivi ni nini?"

Mimi mwenye mdomo nikaanza kukamua sketi yangu.

"Ni vibanda vyetu," Kadija akasema. "Hiki kinachobana kona kuliko vyote ni changu."

"Unaishi kwa hicho?"

"Na mjukuu wangu."

"Ukitaka, naweza kuandika bila jina lako."

"Andika jina langu. Wasije wakasema ni kuku aliyekuambia."

Akapewa kalamu. Jina lake huliandika kwa shida, herufi moja moja. Nilitaka kuushika ule mkono. Nilifikiria kodi ya nyumba, na waru zangu, na mzee wa viatu mwenye watoto sita. Sikuushika. Nikaandika langu chini ya lake.

X zilikuja baada ya wiki tano. Mzee wa viatu alitema mate mbele ya mlango wa Kadija. Wanawake waliokuwa wakimkopesha sukari wakahamisha sukari. "Umeuza watu kwa kiganja cha mahindi," wakamwambia, na wengine walikuwa na makaburi ya waliogongwa pale pale kwenye mashamba yao. Kadija aling'oa mabati yake mwenyewe kabla ya tingatinga. Mimi niling'oa yangu siku iliyofuata, nikimlaani kwa sauti, na tulipomaliza nikasimama pale kaunta yangu ilipokuwa. Nikaangalia kushoto. Nililiona lori la miwa likija tangu kule kwenye mikaratusi. Miaka sita niliuza sukuma hapo, na sikuwahi kuona mikaratusi ile.

Hilo ndilo tulilopata. Ukingo wa udongo bado upo. Ramani ilibadilishwa, Chelimo alimpigia Ngari simu akasema wamekubali na wametia sahihi, lakini tingatinga la kukata ukingo linangoja bajeti, na bajeti inangoja sijui nani. Mtu mfupi bado haoni. Sumeya ni mfupi.

Kwa hivyo Kadija huamka, hukaanga mahamri machache ya kuzungusha mitaani kwa beseni, na kinu kikianza kunguruma anapanda juu ya ukingo, mahali kibanda kilipokuwa, aone kwa niaba ya walio chini. Wanawake waliomnunia wanafika na magunia yao kichwani, wanasimama, hawamsalimii, hawamwangalii. Lakini hawavuki.

"Bado," anawaambia. "Bado. Bado. Haya, pita."

Mchana anashuka kwenda kuuza. Hapo napanda mimi.