Mwenyekiti Aitwaye Pilau

Katibu wa kwanza wa chama chetu anaitwa Maharagwe. Ndivyo alivyoandikwa katika daftari la mikutano, na chini yake wapo Chapati, Kachumbari na mtu mmoja aitwaye Kuku wa Duka. Mimi ni Pilau. Nimekuwa mwenyekiti kwa miaka ishirini na miwili.

Tulianza Kensington, katika nyumba ya kupanga ya wanafunzi wa Kenya. Mmoja wao, tuliyesoma naye uuguzi, alinialika Jumapili moja baada ya kanisa. Tulikuwa Waafrika tisa tunaopenda watu wa jinsia yetu, na kila mmoja alikuwa akidhani yuko peke yake Sydney nzima. Tulicheka hadi jirani akagonga ukuta. Tulipokubaliana kuunda chama, mwenyeji wetu alifungua daftari akauliza majina. Kila mtu alikuwa na shangazi mahali fulani, na kila shangazi ana simu.

"Basi semeni mmeleta nini," akasema, akajiandika Maharagwe.

Tangu siku hiyo jina la mtu ni chakula alichokuja nacho mara ya kwanza, na halibadiliki. Kuku wa Duka siku hizi anapika biriani ya kumfanya mtu alambe sahani.

"Mnanionea," hulalamika. "Hata mfungwa hupunguziwa kifungo."

"Wewe tulikufunga maisha," Chapati humjibu.

Kazi yenyewe haikuwa kubwa kama cheo. Nilishika simu, nikatafuta kumbi, nikawasindikiza watu kwenye mahojiano ya ukimbizi na kukaa nao nje wakisubiri kuitwa. Nilipatanisha wapenzi waliogombana. Kuwapatanisha Wakenya na Warundi kuhusu muziki wa sherehe, hilo lilinishinda.

Sombe alikuja miaka tisa iliyopita. Ni Mrundi aliyekulia kambini Kigoma, anatunza wazee Cabramatta na kuongoza kwaya ya kanisa lao. Siku ya kwanza aliingia na sufuria ya sombe, majani ya muhogo ambayo wengine wetu tunayaita kisamvu, akasema atakaa karibu na mlango. Kabla ya chai kumiminwa alikuwa katikati ya chumba, ametugawa sauti nne.

"Watu yote hapa hamjui kuimba," alisema, "lakini mna furaha. Furaha si mbaya kwa kuanzia."

Mwaka huu nilisema inatosha. Katika mkutano mkuu, ukumbini Ingleburn, mikono yote iliinuka kumchagua Sombe. Alipokea vigelegele akicheza na mwiko mkononi, na Kuku wa Duka akacheza nyuma yake na mfuniko.

Kisha nikampa fomu. Siku hizi chama kimesajiliwa, na jina la mwenyekiti huingia katika orodha ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma. Langu lilipoingia, shangazi yangu alipiga simu kutoka Nakuru. Tulilia wote wawili, kisha akaniuliza kama nimekula.

"Dada Pilau," Sombe aliuliza, "hiyo fomu haina nafasi ya sombe?"

"Haina. Wanataka jina la pasipoti."

Alicheka, lakini aliikunja mara nne kabla ya kuitia mkobani. Anaishi na mama yake, na kila Jumapili mama huyo hukaa benchi la mbele kusikiliza kwaya ya bintiye. Nilimwambia kwamba Chapati yuko tayari kushika nafasi yake, na hakuna atakayemlaumu.

"Hapana," akasema. "Kazi hii naitaka."

Fomu inatakiwa Ijumaa. Leo ni Alhamisi, na asubuhi amenipigia akiwa kwenye basi.

"Mama ameiona fomu mezani. Amemwomba mjukuu wake amsomee."

"Amesema nini?"

"Ameuliza, 'Chama gani hiki, mbona hukuniambia umekuwa mkubwa?' Amefurahi, dada! Anataka kuwaambia kwaya yote. Nimemwambia asubiri, nikitoka kazini nitamweleza ni chama cha nani."

"Utamweleza?"

Basi lilikuwa na kelele, sikusikia jibu vizuri. Shifti yake inaisha saa tisa. Sasa ni saa nane na nusu, fomu iko mezani kwa mama yake, na mahali pa jina hapajaandikwa kitu.